Chanjo ya VVU: Namna Inavyojaribiwa kwa Binadamu

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa vijiji vya Ghuba ya Chole



Nimeombwa nijibu maswali mawili. Ikiwa chanjo za surua na polio zipo, mbona ya VVU haipo? Na je, wanaojaribiwa chanjo hiyo huambukizwa makusudi?

Nianze na la pili: hapana. Wanaokubaliwa kushiriki ni watu wazima wenye afya, wasio na VVU, na hakuna anayewekewa kirusi mwilini. Chanjo zinazojaribiwa hubeba nakala za vipande vya kirusi vilivyotengenezwa maabara, na vipande hivyo haviwezi kuleta maambukizi. Kazi yake ni kuufundisha mwili umtambue adui kabla hajafika.

Ninyi ni watu wa vyombo. Fundi akishusha jahazi jipya majini, hathubutu kulipakia nazi na abiria siku ileile likatoka Mlango wa Kinasi. Hulitazama kwanza ndani ya ghuba kama linavuja, kisha hulijaribu kwa tanga na shehena ndogo, ndipo livuke bahari kuu. Chanjo nayo, ikishapimwa kwa wanyama, hupita awamu tatu. Ya kwanza huhusisha makumi ya watu na huuliza: ni salama? Ya pili huhusisha mamia na huuliza: mwili unaitikiaje, na kwa kipimo gani? Ya tatu huhusisha maelfu na huuliza: inakinga kweli?

Safari hiyo imepita nchini mwetu. Mwaka 2007, Muhimbili ilianza jaribio la HIVIS lililokuwa na watu 60 waliojitolea, wakiwamo askari polisi wa Dar es Salaam. Chanjo ilionekana salama, na miili iliitikia. Yakafuata majaribio ya TaMoVac yaliyohusisha Dar es Salaam, Mbeya na Msumbiji.

Lakini kuitikia siyo kukinga. Desemba 2020 likaanza jaribio la PrEPVacc katika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, likiwa na washiriki 1,512. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa chanjo na wengine sindano isiyo na chanjo. Mshiriki hakujua alichopewa, wala aliyemhudumia hakujua. Wote walipata ushauri, kondomu na vidonge vya kinga. Kwa nini wagawanywe? Kwa sababu kama wote wangechanjwa na maambukizi yakapungua, tusingejua sifa ni ya chanjo au ya kondomu.

Kamati huru ilikuwa ikichungulia takwimu mara kwa mara. Mwaka 2023 ikaona hakuna matumaini ya kinga, na uchanjaji ukasimamishwa. Huko Thailand, jaribio la watu zaidi ya 16,000 lilitoa matokeo mwaka 2009: kinga ya asilimia 31 hivi, isiyotosha kuruhusu chanjo itumike. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Kirusi hiki hubadilika upesi na hujificha ndani ya chembe zilezile za kinga, na hadi leo hakuna chanjo iliyokivuka kizingiti hicho.

Mshiriki ana haki zake. Jaribio halianzi bila kibali cha kamati za maadili na cha mamlaka ya dawa. Mshiriki huelezwa kwa lugha anayoielewa, huridhia mwenyewe, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu.

Upo pia mzigo ambao jamii yapasa kuufahamu. Vipimo vingi vya kawaida hutafuta kingamwili, si kirusi chenyewe. Hivyo aliyechanjwa katika jaribio anaweza kuonekana ana VVU ilhali hana, na huhitaji kipimo kinachotafuta kirusi. Mtu kama huyo akirudi kijijini, tusimnyooshee kidole, wala ndoa yake isivunjwe kwa karatasi moja. Amejitolea kwa ajili yetu sote.

Ndugu zangu, atakayewauzia chanjo ya VVU leo anawadanganya. Tulicho nacho ni kupima, kondomu, vidonge vya kinga kwa walio katika hatari, na dawa za kufubaza VVU. Anayezitumia vyema hadi kirusi kisionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ulizeni katika zahanati yenu au Hospitali ya Wilaya, Kilindoni.

Na siku watafiti wakibisha hodi kwetu, tusiwakimbie wala tusiwafuate kwa macho yaliyofumbwa. Tuwaulize: nani amewapa kibali, nikidhurika nani atanitibu, na nikitaka kuacha nifanyeje? Asiyeweza kujibu hayo, asiguse mkono wa mtu.