Karani na Zahanati ya Mtaa Wake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tanga



Nimetakiwa na Halmashauri ya Chama niseme habari ya afya ya mji wetu. Mimi si mganga, wala sikufundishwa kazi hiyo. Mimi ni mtu wa kalamu kama ninyi. Kwa hiyo sitasema jinsi vijidudu vya maradhi vinavyoingia katika damu, maana wapo wenye kuyajua hayo, nao twaweza kuwaalika siku nyingine. Nitasema habari za ile nyumba ndogo iliyo karibu na kila mmoja wetu, yaani zahanati, na kazi ya maandishi inayofanywa ndani yake. Nadhani ya kwamba sisi watu wa kalamu hatujaitazama vema.

Tunayo desturi moja ambayo kila mmoja wenu ataitambua. Mtumishi wa Serikali akipatwa na homa, huipita zahanati ya mtaa wake, akaenda zake moja kwa moja Bombo. Sababu yajulikana. Tangu mwaka 2001, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi, tumekuwa tukikatwa sehemu 3 katika kila 100 za mshahara, na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Tukapata kadi sisi na jamaa zetu. Mtu akiwa na kadi huona ya kwamba zahanati ni ya wale wasio na kadi. Basi hospitali kubwa hujaa watu wenye mafua, na yule mwenye mguu uliovunjika hungoja nyuma yao. Hilo ni baya, lakini silo baya zaidi. Lililo baya zaidi ni hili: watu wanaoweza kusoma tangazo lililo mlangoni, kuuliza kwa nini dawa fulani haipo, na kutambua hesabu isiyokaa sawa, hao ndio wasioingia zahanati. Wabakiao ndani ni mama mjamzito, mzee, na mtu atokaye shambani, ambao wakiambiwa "dawa hakuna" hushukuru na kuondoka.

Na tuitazame dawa hiyo, inatoka wapi. Katika miaka ya 1980 dawa zilikuja katika sanduku lililofungwa, sawasawa kwa kila zahanati, penye homa nyingi na penye homa chache. Sanduku lilikuwa na faida yake, kwani halikutaka hesabu ndefu. Lakini mahali pamoja dawa zilipitwa na tarehe zikatupwa, na mahali pengine zilikwisha kabla ya wakati. Baadaye utaratibu ukageuzwa. Zahanati yenyewe huandika kiasi ilichotumia, kiasi kilichobaki, na siku ambazo dawa haikuwapo; ndipo huomba, na Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, hutoa kwa kufuata maandishi hayo. Karani yeyote aliyewahi kushika stoo ataiona mara moja hatari iliyomo. Kama wagonjwa 300 walitibiwa na 200 tu wakaandikwa, basi wale 100, kwa macho ya Bohari, hawakuugua kamwe. Dawa ijayo itakuwa ya watu 200. Na kama dawa haikuwapo kwa siku 20 nayo siku hizo hazikuandikwa, yule asomaye karatasi hudhani ya kwamba mtaa ule hauitumii sana dawa ile, akapunguza.

Na ni nani aandikaye? Mara nyingi ni muuguzi yule yule aliyepima watoto uzito asubuhi, akachoma sindano za chanjo, akafunga kidonda, na labda akazalisha. Jioni hukaa mbele ya vile vitabu vikubwa viitwavyo MTUHA, navyo si kimoja wala viwili, akajaza mistari kwa mkono uliochoka. Mabwana, sisi twalalamika tukipewa majalada mawili kwa siku moja! Kwa hiyo mtu aulizwapo jina lake, umri wake na mtaa wake, asikasirike akasema, "Nimekuja kutibiwa, sikuja kuandikishwa." Nimesikia watu wa barabara za Ngamiani wakitaja mtaa wa shemeji zao kwa sababu hawataki kujulikana. Maradhi yao basi huhesabiwa mahali pengine, na kama ni kipindupindu, Bwana Afya atapeleka dawa ya maji kwa shemeji.

Sasa nije kwenye kadi ya mtoto, maana hapa ndipo sisi akina baba tunapolegea. Kadi ile ina siku zake. Mtoto huchanjwa mara azaliwapo, kwa ajili ya kifua kikuu na polio. Kisha apelekwe atimizapo majuma 6, na 10, na 14. Tena miezi 9 kwa ajili ya surua na rubela, na miezi 18 kwa mara ya pili. Sindano za majuma 6, 10 na 14 ni mfuatano mmoja, na mtoto aliyepata ya kwanza asipate ya tatu hakukingwa sawasawa, ijapokuwa mama yake atasema kwa moyo safi, "Alichanjwa." Wengi hupotea baada ya miezi 9, kwa kuwa mtoto amekwisha simama dede na mama amerudi kazini. Karani aijua tarehe ya kumalizika mkopo wake bila kutazama karatasi. Muulize mtoto wake ana majuma mangapi, naye atamwita mkewe.

Chanjo hizi hazitozwi fedha. Kadhalika mama mjamzito, mtoto aliye chini ya miaka 5, na mzee aliyepita miaka 60 asiye na uwezo, wamewekewa msamaha wa malipo katika vituo vya Serikali. Mama apaswa kuhudhuria mapema, kabla ya majuma 12 ya mimba, wala asingoje tumbo lionekane na majirani. Huko hupimwa damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Mtoto naye hupewa chandarua chake wakati wa chanjo ya miezi 9. Hayo yameandikwa, yamebandikwa ukutani, nayo karatasi imekwisha geuka rangi kwa jua. Lakini karatasi haisemi.

Ya kwamba karatasi haisemi, tulifundishwa kwa uchungu mwaka 2008. Katika Morogoro dawa za kichocho na minyoo ziligawiwa katika shule. Dawa zenyewe zilikuwa njema, zimetumika katika nchi nyingi. Lakini watoto wengine waliona kizunguzungu na kutapika, jambo liwezalo kutokea hasa mtu amezapo dawa ile akiwa na njaa. Wazazi wengi hawakuelezwa mapema. Uvumi ukaenea ya kwamba watoto wanakufa. Watu wakakimbilia shuleni kwa hasira, ghasia zikatokea. Kama katika kila mtaa angalikuwapo mtu mmoja wa kuaminika, aliyeusoma waraka na kusema jioni moja barazani, "Kesho watoto watapewa dawa, wapeni uji kwanza, na akitapika msitishike," naona mambo yangalikwenda vingine. Hapa pwani twayajua matende na mabusha. Vidonge vya kuyazuia viligawiwa nyumba kwa nyumba, na wako walioviweka chini ya mto kwa sababu mgawaji alikuwa kijana wa jirani na hakuna mtu mzima aliyemthibitisha. Mwenye busha, na upasuaji upo hospitalini, hukaa nalo miaka kumi kwa aibu.

Tena msiseme ya kwamba watu wetu hawapendi kuambiwa. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya katika Tanzania Bara yote. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, na katika kila kikundi mmoja mwenye kusoma aliwasomea wenzake kitabu kidogo, kisha wakazungumza. Walipoondoka walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Aliyekuwa akisoma hakuwa mganga. Alikuwa mtu kama sisi, mwenye sauti na miwani.

Niruhusuni sasa niwaambie habari ya mtu mmoja wa pwani hii hii yetu ya Bahari ya Hindi, lakini mbali kidogo, katika mji wa Merka, Somalia. Jina lake Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali. Mwezi wa Oktoba 1977 walipita wagonjwa wawili wa ndui ndani ya gari, naye akapanda kumwonyesha dereva njia ya kambi walikotengwa. Safari ilikuwa ya dakika chache. Mpishi huyu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya waganga, na chanjo ya ndui ilikuwa karibu naye kila siku, walakini hakuwa na kinga. Mwenyewe alieleza baadaye ya kwamba aliogopa sindano. Akashikwa na ndui. Watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa upesi ili ugonjwa usienee, na haukuenea. Yeye akapona, na ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kwamba ugonjwa huo umekwisha. Maalin akawa mtu wa kuwashawishi wazazi juu ya chanjo ya polio, akiwaeleza habari zake mwenyewe. Katika kazi hiyo alishikwa na malaria mwaka 2013, akafa.

Nimeieleza habari hii kwa ajili yetu, si kwa ajili ya watu wa shamba. Sisi ndio wapishi wa nyumba ya Serikali. Waraka wa afya hupita juu ya meza zetu kabla haujafika kwa mtu mwingine, twaupiga muhuri, twaupeleka mbele, na mwili wetu wenyewe haupati lolote. Chukueni shinikizo la damu. Ugonjwa huu hauna maumivu miaka mingi. Mtu huketi kitini toka asubuhi hata jioni, hula chipsi na soda mchana, hupanda bodaboda kwa mwendo wa robo saa ya miguu, na siku moja mkono wa kulia wagoma kushika kalamu. Kipimo chake ni utepe wa kufunga mkononi, dakika mbili, na zahanati inacho. Ukiambiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ukipimwa tena siku nyingine ikawa vile vile, hapo pana neno la kushauriana na mganga. Kisukari nacho hupimwa kwa tone la damu. Katika Chama hiki tumewazika wenzetu waliokuwa na kadi ya bima mfukoni, wala hawakuwahi kupimwa.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kila zahanati ya Serikali ina Kamati yake, na miongoni mwa wajumbe wamo wakaaji wa mtaa waliochaguliwa. Zamani kazi yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa fedha zilishikwa na Halmashauri ya Wilaya. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe. Basi zahanati yapasa kuandika mpango wake, kuweka daftari la mapato na matumizi, kutunza stakabadhi, na Kamati ipitishe. Muuguzi hakufundishwa uhasibu. Wajumbe wengi ni watu wema, wavuvi na mama lishe, wanaokijua kilio cha mtaa kuliko sisi, lakini wakiwekewa ukurasa wa tarakimu hutia sahihi ili kikao kiishe. Na katika mtaa ule ule, nyumba ya tatu, amekaa mhasibu mstaafu akicheza bao.

Sisemi ya kwamba twende tukawatawale. Mtu wa kalamu akiingia katika Kamati kwa majivuno, akaanza kusahihisha Kiswahili cha muhtasari, atafukuzwa, na itakuwa haki. Aende akae chini, asome daftari kwa sauti, aeleze kila safu ina maana gani, na aulize swali ambalo muuguzi huogopa kumwuliza mkubwa wake: dawa tulizoomba ni kiasi hiki, zilizokuja ni kiasi hiki, tofauti iko wapi?

Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika katika mji huu wa Tanga mwaka 1922 walikusanyika kwa ajili ya haki zao za kazi. Haki ya zahanati yenye dawa haikutajwa katika barua za kuajiriwa kwetu, lakini watoto wetu huihitaji kabla ya mwisho wa mwezi.

Bwana Rais, naomba Katibu afungue daftari moja, kila mwanachama aandike humo jina la zahanati ya mtaa wake, siku ambayo Kamati yake hukutana, na kama yuko tayari kuhudhuria au hapana. Wasiojua siku hiyo wana juma moja la kwenda kuuliza. Wakiwa huko, wafunge ule utepe mkononi.