Daraja halichagui mpitaji

Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni

Ndugu wasikilizaji, katika ofisi moja ninayoifahamu, kompyuta iliyotunza kumbukumbu za miaka mingi iliharibika. Kompyuta yenyewe haikumliza mtu, maana ilikuwa kuukuu. Kilichowatoa watu jasho ni mashine ya kanda iliyokuwa pembeni yake, nzima kabisa, pamoja na kabati zima la kanda zenye mishahara, mikataba na hesabu. Kompyuta mpya ilipoletwa, haikuwa na tundu la kuchomekea waya wa mashine ile. Kumbukumbu zipo, zinaonekana kwa macho, lakini hazisomeki.

Wapo waliosema mashine itupwe. Fundi mmoja akawajibu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kesho yake akaja na kisanduku kidogo, ukubwa wake kama kitabu kinene. Upande mmoja akachomeka waya wa mashine ya kanda, na upande wa pili akachomeka waya wa etheneti, ule ule unaounganisha kompyuta zote za ofisi. Baada ya saa kadhaa za kupanga mambo, kanda zikaanza kusomeka. Kisanduku hicho mafundi hukiita daraja, na leo nataka tukizungumzie, faida zake na hatari zake.

Daraja linahitajika kwa sababu hapo pana lugha mbili zisizoelewana. Ya kwanza ni SCSI, ambayo mafundi huitamka "skazi". Ilipitishwa kuwa kiwango rasmi huko Marekani mwaka 1986. Kwa lugha hiyo kompyuta huiamuru diski au mashine ya kanda: nisomee fungu hili, niandikie fungu lile. Ni lugha nzuri, lakini ilibuniwa kwa majirani wa karibu. Waya wake wa kawaida wa siku hizo ulikomea mita 6, na ulibeba vifaa 8 tu, kompyuta yenyewe ikiwa kimojawapo.

Lugha ya pili ni etheneti. Hii ilianza mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, kwa kazi ya Bob Metcalfe na David Boggs. Etheneti ilibuniwa kwa ajili ya umati. Kila ujumbe hubeba anwani ya aliyeutuma na ya anayepelekewa, kama barua ya posta. Waya wake wa shaba wa siku hizi hufika mita 100, na ukiweka swichi njiani unaendelea mbele zaidi, chumba hadi chumba, ghorofa hadi ghorofa.

Basi kazi ya daraja ni hii. Kompyuta inaichukua amri ya SCSI na kuitia ndani ya bahasha ya mtandao. Bahasha inasafiri kwa waya wa etheneti hadi kwenye daraja. Daraja linaifungua, linatoa amri na kuikabidhi diski. Diski inajibu, nalo daraja linalitia jibu katika bahasha nyingine na kulirudisha. Diski haijui kabisa kwamba mwenye kuiamuru yuko mbali; inadhani yuko hapo hapo ubavuni. Utaratibu huo ulichapishwa rasmi mwaka 2004 kwa jina la iSCSI, na bado unatumika.

Kabla hujakimbilia dukani, piga hesabu ya mwendo. Etheneti ya biti bilioni moja kwa sekunde, hata mambo yakienda vizuri kabisa, hupitisha megabaiti zisizozidi 125 kwa sekunde. Kunakili diski ya terabaiti moja kutakuchukua zaidi ya saa mbili. Kama swichi yako ni ya zamani, ya biti milioni 100, kazi hiyo hiyo itakula zaidi ya saa 22. Mashine ya kanda nayo ina tabia yake: inataka data ije mfululizo. Data ikija kwa kudonadona, kanda husimama, hurudi nyuma, huanza tena, na mwendo huo wa kwenda na kurudi huichakaza. Tena umeme ukikatika, haitoshi diski peke yake kuwa na betri ya akiba. Swichi ikizimika au daraja likizimika, diski ni kama haipo.

Sasa nije kwenye hatari. Wengi wetu tunaijua masjala ya ofisi. Ukitaka jalada, unakwenda dirishani, karani anaandika jina lako kitabuni, anakupa jalada moja, na mwenzako akilitaka anaambiwa asubiri. Vipo vifaa vya kuhifadhia data vinavyofanya kazi hivyo. Ndani yake mna kijikompyuta ambacho ndicho karani, nacho hugawa mafaili kwa zamu. Hivyo vinafaa kwa ofisi yenye watu wengi.

Daraja la iSCSI si karani. Daraja linakukabidhi ufunguo wa chumba chote cha masjala. Ukiwa peke yako hakuna neno. Lakini wakipewa watu wawili funguo mbili za chumba kimoja, kila mmoja ataingia na daftari lake, ataandika humo ni rafu ipi tupu, na ataweka majalada yake bila kumwambia mwenzake. Kompyuta mbili zikiiandikia diski moja kwa namna hiyo, bila programu maalumu ya kuzipatanisha, kila moja itaandika juu ya kazi ya nyingine. Hakuna mwizi aliyeingia wala virusi, na bado kumbukumbu zimeharibika. Kwa hiyo diski iliyo nyuma ya daraja ipewe kompyuta moja tu iisimamie, na wengine wote wapitie kwa hiyo.

Hatari ya pili inatoka nje. Daraja halichagui mpitaji. Aliyelijenga anamfikiria mwenye mzigo wa halali, lakini mwenye panga naye anapita hapo hapo. Mwezi Juni mwaka 2021, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na kifaa kiitwacho My Book Live, cha kampuni ya Western Digital, waliamka na kukuta diski zao tupu. Kilikuwa kisanduku chenye diski na kijikompyuta, kinachochomekwa kwenye etheneti. Kilianza kuuzwa mwaka 2010, na programu yake haikufanyiwa marekebisho tena baada ya mwaka 2015. Ndani ya programu hiyo mlikuwa na kasoro: aliyekifikia kupitia intaneti aliweza kukiamuru kifute kila kitu bila kuulizwa neno la siri. Picha za harusi, picha za watoto na kazi za miaka zikafutwa. Kampuni ikawashauri wenye vifaa hivyo wavitoe kwenye intaneti haraka.

Ndugu wasikilizaji, wengi wa watu hao hawakuwa wazembe. Waliambiwa wanunue kifaa cha kuhifadhia, wakanunua, na wakaamini ule msemo wetu kwamba akiba haiozi. Hawakufikiri kwamba akiba iliyowekwa barabarani haiwezi kuitwa akiba.

Ushauri wangu, basi, ni mfupi. Kama una kifaa cha zamani kizima, usikitupe. Daraja linaweza kukirudisha kazini. Lakini lifungie ndani ya mtandao wa ofisi, na ikiwezekana lipewe swichi yake peke yake. Usiliweke mahali intaneti inapoweza kulifikia. Weka neno la siri, maana utaratibu wa iSCSI una njia ya kuulizana neno la siri, ila mwenye kifaa anaweza kuacha kuitumia, na wengi huiacha kwa uvivu. Na zaidi ya yote, uwe na nakala moja ambayo haikuchomekwa kwenye waya wowote.

Katika ile ofisi niliyoanza nayo, kanda zilipokwisha kusomwa na kunakiliwa kwenye diski mpya, mkubwa mmoja aliagiza kabati lisafishwe, kanda zitupwe. Fundi yule yule akamwomba aziache. Alisema: mzee, diski mpya iko kwenye mtandao, na lolote litakaloupata mtandao litaipata na diski. Kanda hizi ziko kabatini, na mhalifu wa ng'ambo hana mkono mrefu wa kufungua kabati. Mkubwa akakubali, kwa sharti moja la busara: kila baada ya miezi michache kanda moja itolewe, isomwe, ihakikishwe. Maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa bado ni tumaini tu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.