Nafasi ya Kazi Isigeuke Chanzo cha Ugomvi
Mazungumzo na wafanyabiashara na wakazi wa mipakani, Juba



Huenda mkajiuliza polisi wana haja gani na namna mwenye hoteli au ghala anavyoajiri watu wake. Haja ipo. Malalamiko ya ajira huanza kwa manung'uniko chini ya mwembe. Yasipopata majibu, hutufikia yakiwa na majeruhi.

Mnakumbuka Septemba 2014. Waraka wa Wizara ya Kazi uliagiza kampuni, benki, hoteli na mashirika ya misaada kuwaachisha kazi wageni ifikapo tarehe 15 Oktoba. Jirani zetu wa Uganda na Kenya waliingiwa na hofu. Siku chache baadaye serikali ilifafanua kwamba hakuna anayefukuzwa, ila nafasi zitangazwe ili raia wenye sifa waziombe. Mwaka 2016 tukajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini swali halikufa: nani hupewa kazi, na kwa kigezo gani? Julai 2018, huko Maban, vijana walivamia ofisi za mashirika wakilalamikia ajira. Wafanyakazi wakahamishwa, na huduma kwa wakimbizi na wenyeji zikayumba.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2004, wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliotuma takriban maombi 5,000 ya kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyotofautiana. Mwenye jina la Kizungu alihitaji kutuma maombi 10 hivi ili aitwe mara moja. Mwenye jina la Wamarekani weusi, 15. Mwajiri alisoma jina akadhani amemsoma mtu. Na hapa kwetu, jina hutaja kabila la mtu, na pengine upande wa mpaka alikozaliwa.

Dawa nayo inajulikana. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85. Walionyesha kwamba jaribio la kazi yenyewe, na usaili wenye maswali yale yale kwa kila mwombaji, hutabiri utendaji vizuri kuliko kuhesabu miaka ya uzoefu.

Basi, ndugu waajiri, andikeni sifa mnazotaka kabla ya kuona majina. Tangazeni nafasi sokoni, kanisani, msikitini na katika ofisi ya payam, kwa lugha zinazosomwa hapo. Dereva apewe gari aendeshe. Karani apewe hesabu azijumlishe. Alama ziandikwe mbele ya watu wawili au watatu. Faida ya kwanza ni yenu, kwa kuwa ndugu asiyejua kazi hula mtaji polepole.

Waheshimiwa machifu, msiombe nafasi kwa ajili ya wana wenu. Ombeni kuona tangazo na matokeo. Jirani zetu wa Kenya waliweka sheria mwaka 2008 kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Waliona kuwa upendeleo kazini huchochea uhasama mitaani.

Nanyi vijana, anayedai fedha ili akupe kazi, mleteni kwetu kwa jina. Aliyekosa nafasi anastahili kuuliza sababu, na anastahili jibu. Kukosa kazi si kosa. Kufunga barabara, kuchoma ghala au kumtisha mgeni ni kosa, na hapo hatutasita.

Lori moja la unga linalovuka Nimule hubeba jasho la dereva, utingo, karani wa forodha na wapakuzi, wa pande zote mbili. Kila mmoja akijua alivyopata kazi yake, na jirani yake akijua pia, lori hilo litafika Juba salama.