Tuchange Kama Tunavyojaza Ndiva

Ndugu zangu wana-Upare mnaoishi hapa Dar es Salaam na mliofika kutoka nyumbani,

Nimepewa dakika tano nizungumzie fedha, katika mwaka ambao hakuna anayependa kuzisikia. Hali naijua. Nauli imepanda, ada za watoto zinadaiwa, wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanalalamika, na simu ikilia jioni ni kamati ya harusi au msiba. Lakini boma letu la zahanati limefika kwenye linta na halina paa. Masika ikilikuta hivyo, matofali yataendelea kuliwa na mvua, na mama mjamzito ataendelea kushushwa mlimani usiku kwa bodaboda.

Kwamba tuchange, tumekwisha kukubaliana. Tupange sasa namna ya kuchanga wakati mifuko imetoboka.

Kwanza, tusitegemee usiku mmoja wa harambee. Nyumbani tunaijua ndiva. Maji ya kijito ni machache; ukiyaelekeza shambani moja kwa moja yanakauka njiani. Wazee waliyakusanya usiku kucha, asubuhi wakafungua, mfereji ukafika shamba la mbali. Watu 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, mwaka ukiisha tuna shilingi 12,000,000. Asiyeweza kutoa 60,000 leo anaweza kutoa 5,000 mara kumi na mbili.

Pili, ahadi hainunui bati. Fundi apewe kazi kwa fedha iliyoko benki tu, tena kwa hatua: kenchi na bati kwanza, kisha milango na madirisha, mwisho sakafu na plasta. Michango ikisimama, hatua iliyokamilika haiharibiki. Tena serikali imekuwa ikisaidia kumalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi. Kwa hiyo kila hatua tuishirikishe halmashauri, na nyaraka zetu ziwe tayari.

Tatu, ukumbi, chakula na muziki vilipiwe na tiketi za hafla. Tiketi zisipotosha, tukutane kwenye uwanja wa shule na tunywe chai. Mchango wa zahanati usiguswe.

Nne, kila anayetoa apewe risiti, hata kama ametoa 2,000. Taarifa ya benki iwekwe kwenye kundi letu la WhatsApp kila mwezi, mapato na matumizi. Mtu anayejinyima ili atoe ana haki ya kujua fedha yake imefika wapi, bila kulazimika kuuliza.

La mwisho linahusu heshima. Wapo wenzetu waliopunguzwa kazini. Tusiwasome majina hadharani kwa ahadi ambazo hawajatimiza. Mweka hazina awapigie kwa faragha na wapange upya kiasi wanachokiweza. Kwenye msaragambo, mwenye nguvu alibeba jiwe, bibi akaleta maji ya kunywa, na wote walihesabiwa kuwa wamefika. Fundi umeme atupe siku zake mbili, mwenye lori atusogezee mchanga; navyo tutaviandika kitabuni kama michango.

Fomu za mchango wa kila mwezi ziko pale mlangoni. Naomba asitoke mtu bila kujaza yake, kwa kiasi anachojua atakitoa hata mwezi ukiwa mbaya.