Nani Alikaa Mezani?

Tangazo mmelisikia. Lilisomwa asubuhi, likarudiwa mchana, na jioni likapigwa tena kwa sauti ya mwenye wizara: nafasi za kazi Ghuba, vijana wajitokeze, waje na pasipoti na cheti cha tabia njema. Sitalirudia. Kituo hiki cha redio kina swali moja, na tumeliuliza mara nyingi mpaka wengine mmetuchoka. Mkataba wa kazi hizo ulipoandikwa, nani alikaa mezani?

Maana tukisema "vijana" tunajificha. Wanaume wapo, madereva na walinzi, lakini anayetafutwa sana Riyadh na Jeddah ni msichana wa kazi za nyumbani. Anatafutwa Kayole. Anatafutwa Dandora. Anatafutwa Mukuru kwa Njenga. Ofisi ya wakala iko ghorofa ya pili, juu ya duka la simu, na kwenye bango lake hutaona neno diplomasia. Lakini diplomasia ndiyo hiyo. Serikali mbili zimeketi, zikapatana bei ya jasho, na jasho lenyewe ni la mwanamke. Nani alikaa mezani?

Kuna kijana wa hapa Umoja anasomea uhusiano wa kimataifa chuo kikuu. Nilimwuliza somo la jinsia na mamlaka wanalisoma lini. Akacheka. Juma la mwisho la muhula, akasema, kama mwalimu atafika. Majuma mengine yote ni ya marais, majeshi, mipaka na mafuta. Yaani mwanamke anaingia darasani watu wakiwa wanafunga mikoba.

Na si kwamba elimu hiyo haipo. Mwaka 1989 mwanazuoni wa Marekani, Cynthia Enloe, alitoa kitabu akiuliza wanawake wako wapi katika siasa za dunia. Akawatafuta kwenye mashamba ya ndizi, akawatafuta kando ya kambi za wanajeshi, akawatafuta kwenye majiko ya watu wengine. Sisi wa Eastlands tungemsaidia kuandika habari za majiko hayo bila kupanda hata matatu moja.

Wala Nairobi si mgeni wa mambo haya. Julai 1985 mkutano wa dunia wa wanawake ulifanyika KICC, na aliyeuongoza ni Margaret Kenyatta, aliyewahi kuwa meya wa jiji hili. Ulizaa mikakati ya kufikia mwaka 2000, na mpaka leo mikakati hiyo inaitwa kwa jina la Nairobi. Jina letu liko kwenye makabrasha ya Umoja wa Mataifa. Lakini nani hapa Jericho, nani hapa Makadara, aliyewahi kusomewa ukurasa mmoja?

Sasa tutazame mamlaka yanavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye nyama. Ufilipino si nchi tajiri. Lakini mwaka 2006 iliamua kwamba mfanyakazi wake wa nyumbani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi. Mwaka 2018 maiti ya Mfilipino mmoja ilipopatikana ndani ya friza huko Kuwait, serikali yake ilizuia watu wake kwenda, na kufikia Mei Kuwait ilikuwa imetia sahihi makubaliano kwamba mwajiri hatashika pasipoti ya mfanyakazi. Mateso hayakwisha, tusidanganyane. Lakini mtu alikwenda mezani akiwa na neno la kusema, na akalisema.

Sisi je? Mwaka 2012 tulifunga mlango wa kwenda kazi za nyumbani Ghuba. Mwaka 2014 tukafuta leseni za mawakala zaidi ya 900. Wasichana wakapitia nchi jirani, wakaenda kwa njia za panya, bila hata jina lao kuandikwa mahali. Mwaka 2017 tukafungua mlango tena. Kufunga kuliamuliwa na wakubwa, kufungua kukaamuliwa na wakubwa, na katika kufunga na kufungua sijasikia popote kwamba aliyewahi kufua nguo Dammam aliitwa, akapewa kiti, akaulizwa, mama, wewe umeonaje?

Halafu kuna jambo ambalo watu wa uchumi hulisema kwa sauti ya chini. Machi 2023 nchi hii iliingia mpango wa kupata mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka Saudi Aramco na kampuni mbili za Falme za Kiarabu. Sisemi mtoto wa mtu aliuzwa kwa lita za dizeli. Nasema mwenye deni dukani hapigi kelele kwamba unga una wadudu. Na mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya tunachopata kwa majani chai. Saudi Arabia iko karibu na kilele cha orodha ya nchi zinakotoka pesa hizo. Mkulima wa chai ana bodi, ana bei, ana mbunge wa kumpigia kelele. Huyu aliye jikoni ana nini?

Ana kafala. Ukaazi wake uko mkononi mwa kafili, mwajiri wake, na akitoka nyumba hiyo bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Machi 2021 Saudi Arabia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wa kigeni, lakini wa nyumbani wakaachwa nje. Ndiyo maana wenzetu kule wakitoroka huitwa "kemboi," kwa jina la bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji. Sisi Wakenya kwa kupachika majina hatujambo. Lakini fikiria hilo jina: msichana anakimbia, na sisi tunashangilia mbio.

Idadi ya waliokufa pia mmeisikia. Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudi Arabia katika miaka mitano. Na likaandika kwamba miongoni mwa wenye kampuni za kuwapeleka ni watu wenye vyeo na watu wa karibu nao. Basi swali letu limepata jibu nusu. Mwenye kuuza tikiti alikuwa karibu na meza. Mwenye kusafiri hakuwapo.

Na kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tujitazame. Wewe wa Donholm, wewe wa Buruburu, unayemwita msichana wako "mboch" na kumlipa kwa kukadiria: sheria ya Kenya ya mshahara wa chini inamhusu na yeye. Mara ya mwisho kuiangalia ni lini? Wakubwa wakienda Riyadh wamezoea bei gani, kama si hii wanayolipa majumbani mwao?

Tunaambiwa haya ni mambo ya akina mama. Hapana! Ni mambo ya nje. Ni mambo ya mafuta, ya madeni, ya nani anaweza kumwambia mwenzake hapana. Waziri wa Mambo ya Nje aulizwe haya kabla ya kuulizwa habari za Haiti na Sudan. Mbunge wa Embakasi, yeyote kati ya hao watano, asimame Bungeni na aulize. Uwanja wa ndege uko Embakasi. Wanaoondoka wakiimba wanapitia kwetu, na masanduku yanayorudi yanashukia kwetu, upande wa mizigo. Hakuna mtaa Kenya wenye haki ya kudai kiti kuliko sisi.

Basi daini! Mama wa Komarock, mtoto asitie sahihi karatasi ambayo haijasomwa kwa lugha anayoielewa. Mlio na chama cha Jumamosi, acheni kwanza habari za merry-go-round, mwiteni aliyerudi, mpeni chai, mpeni kiti cha mbele, aeleze. Nyinyi mnaosomea uhusiano wa kimataifa, njooni mwandike utafiti wenu hapa, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Na wewe uliye na nakala ya mkataba wa serikali na serikali, ofisini kwako, kwenye droo yako, tuletee. Mlango wa studio uko wazi. Tutausoma hapa hewani kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, hata ikibidi taarabu ya mchana isubiri.