Oveni ya Stima Ikikupiga "Kidogo"

Leo tunaingia jikoni kuitazama oveni ya stima.

Kina mama wengi, na vijana pia, wanaoka keki na mikate nyumbani kwa kuuza. Oveni ikiharibika, riziki inasimama. Ndiyo maana mtu huchukua bisibisi na kuifungua mwenyewe. Sikukatazi kuishughulikia oveni yako. Nataka tu ujue mpaka uko wapi.

Chukua mfano huu. Mama anagusa mlango wa oveni, anahisi vidole vikitekenywa. Anasema, "Ni stima kidogo tu," anavaa ndala na kuendelea na kazi. Wiki nzima anafanya hivyo. Jumamosi mtoto wake anapiga deki jikoni, miguu mitupu, sakafu imelowa. Anaishika oveni ile ile. Stima iliyomtekenya mama inamwangusha mtoto.

Kwa nini? Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Ngozi kavu na ndala huizuia kiasi, lakini mwili uliolowa huipitisha kwa urahisi hadi ardhini. Ikipitia kifuani inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu akafa kwa dakika chache. Dalili ya mvua ni mawingu. Kutekenywa ni onyo kwamba stima imevujia kwenye bati la oveni.

Katika plagi ya pini tatu, ile pini ndefu ni ya waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Kazi yake ni kuipeleka ardhini stima iliyovuja, ili fyuzi ikatike au swichi kubwa ijizime. Ukiikata pini hiyo, au ukichomeka pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu, stima itatafuta njia nyingine. Njia hiyo ni mwili wako.

Sasa, oveni ndogo ya mezani imekataa kupata moto. Fanya hivi:

Kwanza, zima soketi ukutani na uchomoe plagi. Kuzima kitufe cha oveni pekee hakutoshi. Iache ipoe.

Pili, jaribu soketi hiyo kwa kitu kingine, kama taa. Isipowaka, oveni yako haina kosa.

Tatu, angalia saa ya oveni. Oveni nyingi ndogo hazipati moto mpaka uizungushe saa hiyo.

Nne, kagua waya na plagi. Ukiona pameyeyuka, pameungua au pametafunwa na panya, usiiwashe tena.

Tano, angalia fyuzi iliyo ndani ya plagi. Weka nyingine yenye kipimo kile kile. Usizungushe waya wala karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Mpya nayo ikikatika, acha hapo hapo.

Mpaka ndio huo. Oveni inayopiga watu, inayozima stima ya nyumba, inayonuka waya unaoungua, au yenye koili iliyokatika, ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Usione haya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo. Mwambie apime pia waya wa ardhi wa nyumba, maana plagi nzuri haikulindi kama waya huo haupo ukutani. Na jiko kubwa lililoungwa moja kwa moja ukutani, usilifungue kabisa.

Je, mtu akinaswa na stima? Usimguse! Zima swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu. Piga 999 au 112. Asipopumua, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Hata akiinuka na kusema hajambo, mpeleke hospitali, kwa sababu stima huweza kuunguza ndani na kuacha alama ndogo tu nje.

Ukiungua kwa bati la moto, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai.

Msikilizaji mpenzi, keki ya mteja inaweza kungoja hadi kesho. Leo jioni, ikiwa oveni yako imekuwa ikikutekenya, ichomoe, na uwaambie wote nyumbani wasiiguse mpaka fundi aje. Hadi tutakapokutana tena, kaeni salama.