Kiuno cha Mvuvi na Mikono ya Tabibu

Kuanzia wavuvi wanaoshusha dagaa Mwigobero, jirani na Mukendo, hadi wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba, Butiama, na wakulima wa pamba wa Bunda, kazi za mkoa wa Mara zinalemea kiuno. Wengi huuliza: je, kunyooshwa mgongo kunasaidia?

Tiba hiyo, kairopraktiki, ilianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizohama. Sayansi haikumuunga mkono. Hata ule mlio wa “ko!” unaowafurahisha wagonjwa si mfupa kurudi mahali pake, bali ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo.

Kwa maumivu sugu ya kiuno, hata hivyo, tiba ya mikono ina nafasi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unaitaja miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno haishauriwi.

Tahadhari kubwa ni TB ya uti wa mgongo. Mwenye homa, jasho la usiku au anayekonda asikubali kabisa kusukumwa mgongo kabla ya kupimwa, kwani pingili zilizoliwa na TB zinaweza kubomoka na kumpoozesha.

Na anayepata ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au mkojo kumtoka bila kujijua, apelekwe siku hiyohiyo Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa.